Kivuli cha Mke Mwenza

Nilisema tangu mwanzo kwamba bustani na magari yasitiwe chungu kimoja. Nilisema kwa sauti yangu mwenyewe, kwenye simu, wanachama wote wakasikia. Mwenyekiti akajibu kwa kicheko chake kile cha watu waliozoea kukalia kiti cha kuzunguka, akasema Mzee Bati punguza wasiwasi, sisi ni familia moja. Haya. Familia moja ikanilia mzabibu wangu.

Chama chetu ni cha watu wenye magari ya zamani. Si magari mabovu, ingawa wapita njia wengi hawaoni tofauti. Jumapili tulikuwa tunayatoa, tunayapanga uwanjani, tunafungua boneti na kutazamana injini kama watu waliotembeleana kuona watoto wachanga. Mengi ya magari yale nimeyanyoosha mimi. Kazi yangu ilikuwa kunyoosha bodi za mabasi kwenye karakana kubwa, na jina la Bati nililipata huko. Shule sikufika mbali. Kusoma nasoma, lakini kama mtu anayerudisha trela nyuma: nafika, ila mnisubiri. Ndiyo maana kwenye simu napenda mtu aseme, asiandike.

Halafu wakubwa wakatufungia ndani. Ugonjwa ulikuwepo, sibishi. Nabishia namna. Walisema tusitoke, kisha wao wakawa wanapita na misafara kuhakikisha kwamba hatujatoka. Walisema tunawe mikono kila saa, na hapohapo wenye maji wakaona ndio wakati wa kutengeneza mabomba, mtaa mzima ukawa unapata maji kwa zamu. Mdomoni mwa mtaa wakafunga kamba, wakaweka mtu na kiti. Mtu yule hakuwa na kazi ila kukuuliza unakwenda wapi, na ukimwambia, alikuwa hajui kama jibu lako linaruhusiwa au haliruhusiwi.

Chama kikahamia simuni. Mwanzoni watu walituma picha za magari yao yakiwa yamesimama. Gari lililosimama ukishalipiga picha moja umemaliza. Basi wakaanza kutuma mambo ya nyumbani. Huyu kapaka rangi mlango. Yule kapanda mchicha ndani ya taa mbovu ya gari. Mmoja, mtu mzima mwenye ndevu za kutosha, akajifunza kufuma, akaufumia usukani wake soksi. Mwenyekiti akafurahi kama kafuma yeye. Akatangaza kwamba mkono unaoshika spana unaweza kushika jembe, na kwamba kila mwanachama apande minyanya na atume picha, kwa ajili ya afya ya akili. Mimi akili yangu haikuwa inaumwa. Lakini nilipanda, kwenye matairi manne ya zamani, kwa sababu asiyetuma picha alikuwa anatajwa.

Maswali yakafurika. Mwenyekiti akatunga sheria. Tusiulizane wenyewe kwa wenyewe, maana kelele zimezidi. Kila mwenye swali, la gari au la bustani, amtumie yeye peke yake. Ya gari angejibu mwenyewe, ya bustani angemuuliza mkewe. Kisha jioni angetuma sauti moja yenye majibu yote, na majina hatayataja, ili asiyejua asiaibike.

Nikauliza mtu atajuaje lipi ni lake.

"Kila mtu atalijua jibu lake, Mzee Bati," akasema. "Sisi ni watu wazima."

Akayaita Majibu ya Jioni. Alikuwa akianza kwa kukohoa kidogo, kama redio inayotafuta mawimbi.

Sasa niseme habari ya mzabibu, maana bila hiyo mtaona nagomba kwa sababu nina mdomo.

Sina banda la gari. Gari langu hulala uani, pembeni ya ukuta, na jua la kwetu halina huruma na rangi. Marehemu mke wangu alikuwa akiliita gari lile mke mwenzangu. Akiniona nimechuchumaa mbele yake na kitambaa, alikuwa anauliza, "Mke mwenzangu leo kaamkaje?" Nisipokuwa na mafuta ya kulitoa, husema, "Umemlaza mke mwenzangu njaa, utaadhibiwa." Wageni wakija, aliwaambia kwamba aliolewa wa pili katika nyumba hii na hajawahi kulalamika. Na kweli gari nilikuwa nalo kabla yake.

Siku moja alirudi kutoka kazini kwake, alikuwa mpishi wa shule, na kitu amekizungushia kitambaa kilicholowa. Nikafungua nikakuta kijiti. Kijiti kikavu, chembamba kama penseli. Nikamwambia hicho ni cha kuchokolea meno. Akasema ni mzabibu, na ni zawadi ya mke mwenzake, kwa sababu yule anaungua jua na mume hana habari. Akachimba shimo kando ya ukuta, akakichomeka. Mimi nikacheka. Nilivyoona kimetoa majani, nikanyamaza. Kilipofika kiunoni, nikachomelea kichanja cha mabomba juu ya gari, na mzabibu ukapanda, ukatambaa, ukafunika. Zabibu zenyewe zilikuwa chachu, ndege wenyewe walionja wakaondoka. Lakini kivuli kilikuwa kivuli. Ukikaa ndani ya gari saa za mchana, mwanga unakujia wa kijani, na mke wangu alikuwa anapenda kukaa humo, kiti cha mbele, mlango wazi, anachambua mchele. "Nimekuja kumtembelea mwenzangu," anasema.

Alifariki mwaka mmoja kabla ya kufungiwa. Hospitali walimpeleka dirisha hili, dirisha lile, kila dirisha na mtu wake na kalamu yake, mpaka mwenye dirisha la mwisho akasema amechelewa kuletwa. Mtu aliyekuwa ndani ya jengo lao tangu alfajiri. Nikawauliza amechelewa wapi. Hakuna aliyenijibu, na mkubwa wao alikuwa mkutanoni.

Kwa hiyo niliposema mzabibu, nilikuwa sisemi mti.

Maisha yangu yote nilitoka nyumbani kabla jua halijachomoza, nikarudi limeshazama. Ua wangu mchana wa siku ya kazi sikuujua. Nilijua majani ya mzabibu huanguka baridi ikiingia, kwa sababu nilikuwa nayakuta juu ya boneti, lakini yeye ndiye aliyekuwa akifagia, na yeye ndiye aliyejua huo mti unafanya nini baada ya hapo. Kufungiwa kulipokuja ndipo nikaanza kuutazama kutwa, maana nilikuwa sina kingine cha kutazama. Nikauona mtupu. Gome linabanduka vipande virefu, kama rangi ya gari lililopakwa na mlevi. Shina lina nyufa. Nikavunja tawi moja dogo, likalia ko. Baridi ilikuwa imeshaanza kuondoka, miti ya majirani ina rangi, wangu unakaa tu kama waya. Na maji nilikuwa nimeupa kwa kijiko, kwa ajili ya wale wa mabomba.

Nikapata hofu. Nikawasha gari kama nilivyokuwa nikifanya kila asubuhi, betri isife, nikakaa ndani yake nikamtumia Mwenyekiti swali. Nikasema mzabibu wangu umekauka, una nyufa, gome linatoka, nifanyeje nisiupoteze.

Jioni akakohoa. Akajibu kuhusu plagi za mtu, akajibu kuhusu mchwa wa mtu. Kisha akasema hivi, na maneno haya nimeyasikiliza mara nyingi mpaka nayajua kama dua:

"Lingine. Huo ukishakauka umekauka. Usiuhurumie, ukiuhurumia utakuletea hasara kubwa. Ukate, uutoe wote, usiache kipande ndani. Utatafuta mpya maduka yakifunguliwa."

Nikazima simu. Jibu lako ukishalipata unasubiri nini tena.

Sikulala vizuri, na asubuhi nilichukua msumeno wa chuma. Mtu atasema ningeuacha tu usimame pale, hata ukiwa mkavu. Lakini mimi ni fundi. Bati lililooza hulipaki rangi juu ukajidanganya, unalikata mpaka ukutane na chuma kizima. Nilikata matawi kwanza, nikayashusha kutoka kwenye kichanja moja moja, nisikwaruze gari. Fito zilizonyooka nikazikatakata urefu wa mkono, nikazichomeka kwenye matairi ili zishikilie minyanya ya Mwenyekiti iliyokuwa imelala chini kama walevi. Halafu shina. Na kwa kuwa niliambiwa nisiache kipande ndani, sikuacha. Nilizungushia kisiki mnyororo, nikaufunga kwenye bomba nene, nikaweka jeki ya gari upande mmoja na matofali upande wa pili, nikapandisha. Jeki ile imeinua mabasi. Kisiki kilitoka taratibu, mizizi ikikatika chini kwa chini kama nyuzi za nguo, na nilipomaliza palikuwa na shimo ambalo ungeweza kusimama ndani mpaka magotini.

Nikakaa juu ya tofali. Gari langu lilikuwa juani, rangi yake ya samawati inang'aa vibaya, kama mtu aliyevuliwa nguo.

Kesho yake akaja shemeji yangu. Ni mdogo wa marehemu, anakaa mtaa wa pili, na yule mtu wa kamba alikuwa anamruhusu kupita kwa sababu alimwambia mimi ni mgonjwa. Alikuwa akiniletea mkate, anautundika kwenye msumari wa geti, tunazungumza yeye nje mimi ndani. Siku ile hakuutundika. Alishika nondo za geti, barakoa iko kidevuni, akawa anatazama kichanja kitupu.

"Shemeji," akasema, "mzabibu wa dada uko wapi?"

Nikamwambia ulikuwa umekauka. Nikamwambia nimeuliza watu wanaojua. Akaniomba nifungue geti, nikamkumbusha amri, akasema nifungue geti. Akaingia moja kwa moja mpaka kwenye kisiki nilichokilaza kando ya ukuta. Akainama, akapitisha kidole juu ya pale nilipokata, akakiinua kidole chake nikione. Kilikuwa kimelowa. Chini ya kisiki, kwenye saruji, palikuwa na alama ya maji.

"Kitu kikavu hakivuji, shemeji," akasema. "Wewe si fundi?"

Nilikuwa nimeyaona yale maji wakati nakata. Nilidhani ni ya mvua, yameingia kwenye nyufa yakakaa. Nikamwambia hivyo. Akasema dada yake kila mwaka majira kama haya alikuwa akipita na kuugusa mti huu na kusema umelala, tusiuamshe kwa kelele. Kila mwaka. Na ukikaribia kuamka, ndipo huanza kunywa maji, na ukikatwa wakati huo hulia.

Mimi hakuniambia. Au aliniambia niko chini ya gari.

Shemeji akataka kuyasikia hayo majibu ya watu wanaojua. Nikamwekea sauti ile. Akasikiliza ukishakauka umekauka, nikataka kuzima kama nilivyozima siku ile, akanishika mkono. Sauti ikaendelea. Mwenyekiti akakohoa, akasema:

"Lingine. Huo wala hauna tatizo. Juu unaonekana mkavu, ndani ni mzima. Usiuguse mpaka joto lirudi."

Shemeji akanirudishia simu. "Hili ndilo lako," akasema. "Lile la kwanza ulimchukulia nani?"

Akautundika mkate kwenye msumari, kwa ndani safari hii, akaondoka bila kuaga.

Aliyekuwa na jibu la kwanza nilimjua siku hiyohiyo, kwa sababu alinipigia mwenyewe, amekasirika, anataka fundi. Tunamwita Bampa, kwa kuwa tumbo lake hufika mahali kabla yake. Alikuwa dereva wa basi, mabasi niliyonyoosha mimi alikuwa akiyakunja yeye, ndivyo tulivyojuana. Alikuwa amepewa ruhusa ya kwenda kuchukua dawa za mama yake. Njiani mpira wa rejeta ukapasuka, maji yote chini, na kwa kuwa alikuwa hataki kusimama karibu na askari wa kizuizi, akaendelea kidogo. Kidogo hiyo ikapindisha silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Gari lilirudi kwa kamba, likavutwa na punda wa mtu, watu wakipiga picha.

Nikamuuliza mpira ulikuwaje.

"Umekauka, una nyufa," akasema. "Na nilimuuliza Mwenyekiti. Akasema usiuguse mpaka joto lirudi. Mimi nikajua joto ni la injini. Nikawa naendesha jicho langu liko kwenye geji."

Kisha nikamuuliza kama hakusikia lile lililotangulia, la ukate uutoe wote.

"Nimelisikia. Lakini maduka yamefungwa, Bati, mpira mpya ningetoa wapi? Mtu akipewa majibu mawili huchukua lile lisilomtoa kwenye kiti."

"Lile lilikuwa lako," nikamwambia. "Hilo ulilochukua lilikuwa langu."

Bampa ni mzito wa mwili, si wa akili. Alielewa. Nikamsikia akivuta pumzi. "Umeukata mzabibu wa marehemu?" akauliza. Nilipomwambia nimeutoa mpaka mizizi, na kwa jeki, hakunitania, na Bampa amewahi kunitania msibani.

"Basi nirudishie jibu langu," akasema mwishowe, polepole, "na mimi nikurudishie lako." Hatukucheka.

Nikamtafuta Mwenyekiti. Sikumtumia peke yake kama sheria yake inavyotaka, niliongea kwenye kundi, watu wote wasikie. Nikaeleza mzabibu na mpira, moja baada ya jingine, bila matusi. Nikasema nataka aseme amekosea. Sikudai kitu kingine. Nilitaka aseme tu hilo neno moja, nimekosa, ambalo sijawahi kulisikia likitoka kwenye dirisha lolote.

Akajibu haraka, hakukohoa. Alisema anasikitika kwa yaliyotupata, lakini yeye alijibu kwa mpangilio wa maswali yalivyomfikia, na la Bampa lilimfikia kwanza. Nani alijua mpangilio huo zaidi yake? Akasema mtu angesikiliza mpaka mwisho angeelewa. Akasema lugha iko wazi, yeye alisema ukate na usiuguse, hakuchanganya.

Hapo nikachoka.

"Mwenyekiti," nikasema, "mzabibu ni 'u'. Mpira ni 'u'. Mkanda wa feni ni 'u', usukani ni 'u', ugonjwa uliotufungia ni 'u'. Hata uenyekiti ni 'u'. Nao ukishakauka, tuukate tuutoe wote, tusiache kipande ndani?"

Yule wa soksi ya usukani akatuma kicheko, kisha akakifuta. Muda si mrefu simu ikaniandikia maneno ambayo niliyasoma mara mbili, kwa mwendo wangu wa trela, nihakikishe: nimeondolewa. Familia moja.

Nikabaki na ua wangu. Sikutuma picha tena, hakukuwa na wa kumtumia. Jua likawa linalipiga gari tangu saa tatu mpaka jioni. Nikalifunika turubai, upepo ukalitoa. Nikalifunga kamba, kamba zikakwaruza. Nikachukua pazia la marehemu, lile zito la chumbani, nikalitandaza juu ya boneti, nikaona nimelivisha mke mwenza nguo ya mwenye nyumba, nikalitoa mwenyewe. Rangi kwenye paa ikaanza kupauka, doa kama sahani. Mabasi yote yale niliyonyoosha, na langu nalitazama linaiva.

Minyanya ya Mwenyekiti ikafa. Majani yalijikunja, yakawa na unga mweupe, yakaisha. Sikumuuliza mtu kwa nini. Nilikwenda siku moja kuyamwaga yale matairi, niyatumie kwa kazi ya maana. Tairi la kwanza nikang'oa mnyanya mkavu, nikang'oa na kijiti chake, nikatupa. La pili hivyohivyo. La tatu, nikaona mnyanya umekufa lakini una jani moja bichi, juu kabisa. Nikasema minyanya hii hata kufa inakufa kwa visirani. Nikaushika niung'oe.

Jani halikuwa la mnyanya. Lilikuwa limetoka kwenye kijiti.

Nikalitazama nikiwa nimeinama vilevile, mgongo unaniuma. Jani dogo, limekunjwa kama ngumi ya mtoto, lina ukingo wa pinki. Fito ile nilikuwa nimeichomeka bila kutazama juu wala chini, kama mtu anavyochomeka kigingi. Nikaenda kuziokota nilizozitupa, nikazitazama moja moja. Nyingi nilizichomeka kichwa chini, macho ya vichipukizi yanatazama ardhini. Nyingine zilikuwa zimeoza tu. Katika zote, iliyokaa sawa na kushika ilikuwa moja.

Nikampigia shemeji. Tangu siku ile alikuwa anaacha mkate bila kuniita. Akaja, akachuchumaa mbele ya tairi kama mimi ninavyochuchumaa mbele ya injini. Akasema tusubiri ishike mizizi, halafu tuihamishie shimoni, na nisiiguse. Nikamwambia hilo la usiuguse nimeshalisikia mahali. Akatabasamu kidogo, akajizuia.

"Dada alileta kijiti kama hiki," akasema. "Ukamwambia ni cha meno."

"Hilo nalo alikuambia."

"Alimwambia kila mtu, shemeji."

Tulikihamisha joto lilipokuwa limerudi kwelikweli. Shimo lilikuwa palepale, nilikuwa sijalifukia. Kikakaa katikati ya lile shimo kubwa la jeki, na majani yake matano, hakifiki hata kwenye rimu ya gari. Siku ya kwanza jua la mchana likakilaza. Nikakiwekea kipande cha turubai juu ya fimbo, upepo ukaliangusha, jani moja likavunjika. Nikaweka ndoo, kikakosa hewa, kikalegea. Mwishowe nikatazama jua linavyokwenda na mahali gari liliposimama. Nikatoa breki ya mkono, nikalisukuma mbele hatua chache, likaja kusimama kati ya kijiti na jua la mchana. Kivuli cha mlango kikakiangukia sawasawa. Jioni kilikuwa kimesimama.

Basi nikaliacha hapo.

Na ndipo wakubwa wakafungua. Kama walivyofunga, kwa tangazo, bila kueleza. Kamba ikatolewa, yule mtu akaondoka na kiti chake. Chama kikapanga msafara wa kwanza, magari yote, barabara ya nje ya mji yenye kona, ile ambayo kwa miezi yote nilikuwa naipita kichwani mwangu nikiwa nimekaa uani, injini inanguruma na gari haliendi popote. Mwenyekiti akanirudisha kundini. Hakusema nimekosa. Alisema tusahau yaliyopita, sisi ni familia moja, na kwamba mkewe amesikia nina mche wa mzabibu, angependa kupata kipande.

Sikumjibu. Bado sijamjibu.

Bampa alinifuata asubuhi ya msafara. Hedi yake tuliisawazisha pamoja, gari lake lilikuwa linaita nje ya geti, mpira mpya wa rejeta unang'aa, amenifungulia boneti nione. Alikuwa amevaa kofia. Akaniuliza mbona sijatoa gari.

Nikampeleka uani, nikamwonyesha. Akatazama kijiti, akatazama gari, akatazama jua.

"Weka turubai," akasema.

Nikamwonyesha kovu la jani.

"Basi mtu akae hapa akishike kivuli."

Nikamuuliza mtu gani. Shemeji amerudi kazini. Watoto wako mbali, na kila mmoja ana wakubwa wake wa kumfungia. Bampa akajikuna chini ya kofia. Akasema itachukua muda gani mpaka kijisimamie. Nikamwambia marehemu alikuwa anasema mzabibu hauharakishwi, na mimi sina umri wa kubishana na mti.

"Miezi yote ile unalilia barabara," akasema.

"Miezi yote ile walinifungia wao."

Nje wakapiga honi, wengine walikuwa wamefika. Akanipiga begani, tumbo likatangulia kutoka. Niliwasikia wakiondoka mmoja mmoja, na kwa masikio tu nilijua nani gia ya pili inamsumbua, nani kaweka mafuta mabaya, na injini ya Mwenyekiti, laini, gari linalolala ndani ya banda lenye paa.

Nikafungua mlango wa mbele, ule wa upande wa marehemu, polepole, kivuli kisiruke. Nikakaa. Betri ilikuwa nzuri, mafuta yalikuwemo. Sikuwasha.